Sindano Katika Koti la Baba

Baba yangu alikuwa na vitu viwili alivyovitunza kuliko alivyoutunza mwili wake: fahali wake na bomba langu la sindano. Fahali huyo wa mapigano alijulikana kwetu Malinya yote mpaka ng'ambo ya mto. Bomba halikujulikana na mtu yeyote nje ya nyumba yetu, na hiyo ilikuwa amri ya mama.

Nilipata ugonjwa wa sukari nikiwa darasa la nane, miaka ya tisini ikiwa ndiyo inaanza. Kabla ya hapo nilikuwa nakunywa maji mpaka shangazi yangu akanishika tumbo na kuuliza yanaingia wapi. Nilikonda, macho yakaingia ndani, na majirani wakaanza kutajiana kwa sauti ya chini nani amenitazama vibaya. Siku moja nikaanguka jikoni, nikapelekwa hospitali mjini sijitambui. Nilirudi nyumbani na chupa ndogo ya insulini, bomba la kioo lililolala ndani ya mkebe wa chuma, sindano chache nene, na chupa ya dawa ya buluu ya kupimia mkojo.

Siku hizi vijana hunionyesha vimashine vyao vinavyosoma damu kufumba na kufumbua. Navisifu. Lakini kimoyomoyo nina kiburi cha mtu aliyepika mkojo wake mwenyewe. Tulikuwa tunatia matone machache ya mkojo kwenye neli ya kioo yenye ile dawa ya buluu, kisha tunaishikilia juu ya moto. Ikibaki buluu, mimi ni bingwa. Ikiwa kijani, nijiangalie. Ikigeuka rangi ya tofali, baba alikuwa anaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, halafu anauliza nyumba nzima ni nani aliyenipa chai ya sukari.

Katika ujana wake baba alikuwa amechimba dhahabu huko Ikolomani, na mchimbaji wa dhahabu hujifunza kuheshimu kitu kidogo. Nesi alimwonyesha mara moja tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua bomba mpaka usawa wa jicho, kusoma mstari bila kubabaika, na kugonga kioo kwa ukucha mpaka mapovu yapande juu yatoke. Sindano ikianza kuwa butu aliinoa kwenye jiwe lile lile alilonolea wembe wake wa ndevu, akaipitisha taratibu kwenye pamba. Ikinasa nyuzi za pamba, bado. Ikipita bila kushika, tayari. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuota jipu hata moja, na wakati wowote daktari aliponiuliza nani ananinolea sindano, nilijibu nikiwa nimeinua kidevu.

Mama naye kazi yake ilikuwa kuficha. "Mtu akijua, utazeekea hapa nyumbani," aliniambia. Kwetu ilisemekana msichana mwenye sukari hawezi kuzaa, na wengine waliogopa hata kunywea kikombe chake. Kwa hiyo kila asubuhi bomba lilichemshwa katika sufuria yenye kifuniko, mlango umefungwa, na mgeni akibisha hodi mama alikuwa anasema tunachemsha mayai. Matokeo yake ni kwamba kijiji kizima kiliamini sisi tunakula mayai kila siku ya Mungu, na tukaonewa wivu ambao hatukuustahili. Chupa ya insulini ililala kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wa maji, mahali ambapo hakuna mgeni aliyekuwa na sababu ya kuingiza mkono.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, watu walikuwa wameanza kupita nyumbani kuniulizia. Mama akazidi kuwa mkali juu ya sufuria ile. Mwaka huo huo ndipo fahali wetu alipopangiwa kupigana na fahali wa upande wa pili wa mto, pambano ambalo wanaume walilizungumzia sokoni, kisimani na hata nje ya kanisa.

Siku moja kabla ya pambano, insulini yangu ilinitosha asubuhi hiyo tu, chupa ikabaki tupu. Nilikuwa nadungwa mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya kula. Baba akaenda Kakamega mjini kununua chupa mpya na sindano mpya. Akachukua na bomba lenyewe, maana alishawahi kuuziwa sindano zisizoingia kwenye mdomo wa bomba letu, na hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili. Aliporudi jioni alikuta waimbaji wameshafika zizini na matawi yao. Desturi ilikuwa mwenye fahali alale karibu na mnyama wake, na mwanamke asisogee. Baba alipitiliza moja kwa moja huko bila kula, koti lake mwilini, na vitu vyangu vyote amevisahau ndani ya mfuko wa koti.

Nilipoamka walikuwa wameshaondoka na ngoma zao. Mama alipekua chini ya mtungi, akapekua kabatini, halafu akakaa chini. "Baba yako ameenda nazo," alisema. Mke wa mwenye fahali hakuwa anakanyaga uwanja siku ya pambano, na kumtuma mtu mwingine kungekuwa kumweleza anatumwa kuleta nini. Mama alitaka nisubiri mpaka warudi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kiu ilikuwa imeshaanza kunikausha mdomo. Nilivaa sweta nikatoka bila kula chochote, kwa kuwa kula kabla ya sindano kungenizidishia ubaya.

Nilipokaribia uwanja nilishangaa kutosikia isukuti. Asubuhi ya pambano ngoma zile hazinyamazi mpaka fahali mmoja akimbie. Mafahali wote wawili walikuwa bado wameshikiliwa, kila mmoja na watu wake, wanakwangua ardhi kwa kwato. Katikati ya uwanja kundi la wanaume lilikuwa limemzunguka baba. Nikajipenyeza kati ya akina mama wanaouza ndizi na mahindi ya kuchemsha, nikamuuliza mmoja wao kuna nini.

"Wamepata sindano kwa koti ya mzee," aliniambia bila kunitazama, shingo ameinyoosha aone vizuri. "Kumbe hiyo ng'ombe yao inadungwanga dawa."

Baba alikuwa amevua koti ili amshike fahali vizuri, akampa baba mdogo amshikie. Baba mdogo akisikia isukuti hana mfupa unaotulia. Alicheza na koti begani mpaka mkebe ukachomoka, ukafunguka kwenye nyasi, na bomba likatua mbele ya miguu ya watu wa upande wa pili. Chupa ikafuata.

Wasiojua mambo ya kwetu nitawaeleza. Mafahali walipewa majani ya msituni, walipewa pombe, walipuliziwa moshi puani, na hayo yote yaliitwa ufundi. Sindano ya mifugo ilikuwa jambo jingine. Ilisemekana fahali mmoja alishawahi kudungwa, akapigana kama mwendawazimu, kisha akafa akitokwa na povu. Tangu hapo wazee waliosimamia uwanja walisema atakayeshikwa na sindano hatarudi tena na mnyama wake pale.

Mwenye fahali wa upande wa pili alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameliinua bomba langu juu, vidole vyake vimejaa tope. Nilitaka kumrukia. Bado sikuwa nafikiria heshima ya baba wala fahali wala uwanja. Nilifikiria kioo changu.

Mpwa wake, kijana aliyekuwa anasoma chuo, alipewa chupa asome kibandiko. Alisoma kimyakimya, akasita, kisha akasema alichokiona: imeandikwa kwamba dawa hii imetengenezwa kutoka kwa ng'ombe. Na alikuwa anasema kweli. Insulini yangu ya wakati huo ilitolewa katika kongosho la ng'ombe, na wenye kuitengeneza walikuwa hawafichi.

"Mmesikia?" yule mnene akapaza sauti. "Imetoka kwa ng'ombe! Huyu mzee anachukuanga nguvu ya ng'ombe ingine anaweka kwa yake! Sisi tunaleta ng'ombe moja, yeye analeta kumi ndani ya chupa!"

Uwanja mzima ukaguna. Mpaka leo nikiifikiria hoja ile naona haikuwa mbaya kwa mtu wa Malinya. Hata mimi ningeiamini kama bomba lisingekuwa langu.

Mzee mmoja wa wale wasimamizi akamgeukia baba kwa adabu. "Mzee, hebu sema. Hii kitu ni ya nini?"

"Si ya ng'ombe," baba akajibu.

"Sasa ni ya nani?"

Baba aliinua kichwa. Nilimwona anaangalia juu ya vichwa vya watu, mbali kabisa, na nilijua anachokitazama. Alikuwa anatazama amri ya mama. Fahali yule alimlea tangu akiwa ndama, alimwimbia kila jioni, alimkatia majani kwa mkono wake hata siku za mvua. Angeweza kusema neno moja tu, akasafisha jina lake. Neno hilo lilikuwa mimi.

"Ni yangu," akasema.

Watu wakacheka. Baba alikuwa na mabega mapana na shavu linalong'aa, na hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa.

"Wewe ni mgonjwa?" yule mnene akauliza. "Basi kama ni yako, jidunge hapa tuone. Ukikataa, rudisha ng'ombe nyumbani na usiilete hapa tena."

Mzee msimamizi akatafakari, akasema hilo ni sawa. Baba akanyoosha mkono, akapewa bomba. Akanyoosha tena, akapewa chupa. Akaanza kuiviringisha kati ya viganja vyake, taratibu, kama alivyonifundisha, maana dawa ile ilikuwa inatuama chini na haikutakiwa kutikiswa. Kisha akakunja mkono wa shati.

Wale wanaume wote walidhani wanamwona mtu anayebabaisha. Mimi peke yangu nilijua kwamba hababaishi. Alikuwa na afya nzuri, hajatia kitu tumboni tangu jana, na dawa iliyokuwa inanipa mimi uhai ingemwangusha yeye hapo hapo kwenye nyasi, pengine asiinuke. Naye alilijua hilo vizuri kuliko mimi, kwa sababu nesi alimwonya, naye akanionya mimi, na hakuwahi kusahau onyo lolote lililohusu chupa ile. Alikuwa tayari kuanguka mbele ya watu wa upande wa pili ili mimi niolewe.

Sikumbuki kuwapita wale akina mama. Nakumbuka mtu akipiga kelele, "Mwanamke! Mwanamke anaingia!" na mwingine akijaribu kunishika sweta. Fahali wetu alikoroma karibu yangu, pumzi yake ikanigusa shingoni. Nilimfikia baba nikamshika kifundo cha mkono.

"Baba, wacha. Ni yangu."

"Rudi kwa akina mama," akasema bila kunitazama.

"Sirudi. Na wewe hujakula."

"Mama, nimesema rudi." Aliniita mama kama alivyoniita siku zote akiwa ananibembeleza.

Nikawageukia wale wanaume. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikawaambia mimi ndiye mgonjwa wa sukari, tangu darasa la nane, na kwamba dawa ile inatolewa kwa ng'ombe ili iokoe watu, na kama kuna mtu anataka kumwona anayedungwa, asogee karibu aone vizuri, asije baadaye akasema hakuona.

Hakuna aliyesogea. Kwanza nilitaka bomba lisafishwe, maana vidole vya tope vilikuwa vimelishika, na spiriti tuliyolitunzia ndani ya mkebe ilikuwa imemwagika kwenye nyasi. Nikauliza kama kuna mwenye spiriti. Wanaume wakatazamana. Kisha mmoja wa watu wa upande wa pili, amejaa haya, akatoa chupa ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ndani ya koti lake. "Hii yangu inashikanga moto," akasema. Watu wakaangua kicheko, na hata mimi nikacheka. Nikalisuuza bomba, nikaisuuza na sindano mpya, nikatikisa tone la mwisho, nikaviacha vikauke kwenye upepo. Hakuna aliyenihimiza.

Nikavuta dawa. Nikainua bomba mpaka usawa wa jicho, nikagonga kwa ukucha, mapovu yakapanda, nikayatoa. Nilikuwa nimeshafanya hivyo asubuhi nyingi kiasi kwamba vidole vilijua njia bila kuniuliza. Nikakunja mkono wa sweta. Siku zote nilipojidunga begani ilibidi mtu anikamatie nyama, na mtu huyo alikuwa baba.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaweka vidole vyake viwili begani kwangu, akabana nyama mahali pake, mbele ya uwanja wote, mbele ya wale ambao mama alitaka wasijue kamwe. Nikadunga. Nikasukuma dawa polepole mpaka mwisho, nikachomoa, nikabonyeza kwa kidole gumba. Sikukunja uso. Sindano ile mpya iliniuma kuliko zote alizozinoa baba, lakini nisingewapa furaha ya kuliona hilo.

"Kila siku?" yule mzee msimamizi akauliza.

"Kila siku."

"Na ni wewe mwenyewe unajidunganga?"

"Mimi na baba."

Yule mzee akavua kofia yake. Sijui alimvulia nani, mimi au baba, lakini aliivua. Yule mpwa aliyesoma kibandiko akaja akaiokota chupa niliyoiweka kwenye nyasi, akanirudishia kwa mikono miwili, akaniuliza maswali mazuri ambayo sikuwa na nguvu ya kuyajibu. Mjomba wake alikuwa ameinama, anatafuta kifuniko cha mkebe wangu kwenye nyasi, akakipata, akakipangusa kwa shati lake safi. Kisha akina mama wa ndizi waliposikia kwamba mtu akishadungwa lazima ale, walinivamia. Nilipewa hindi, nikapewa ndizi, nikapewa na kiazi, na kikongwe mmoja aliyetaka nimwite kukhu, yaani bibi, akasimama juu yangu mpaka nimalize. Nilikula kila nilichoruhusiwa, nikaficha kilichozidi mfukoni.

Pambano likaanza. Fahali wetu, yule aliyeimbiwa, aliyesingiziwa kwamba ana nguvu za ng'ombe kumi, aligonganisha pembe mara moja tu na mwenzake, akageuka, akapita katikati ya watu na kuingia kwenye shamba la mihogo la watu. Tulimwona mgongo ukipotelea bondeni.

Halafu mtu akasema, "Sasa nimeamini. Hii haijadungwa kitu." Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na yule mnene alicheka mpaka akashika magoti. Wapo waliosema fahali alikimbia kwa sababu mwanamke alimsogelea, na wanasema hivyo mpaka leo. Mimi nasema alikuwa mwoga, na alifanikiwa kumficha baba jambo hilo kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyoficha letu.

Kwa desturi, watu wa fahali aliyekimbia hurudi nyumbani bila ngoma, kwa njia za pembeni. Baba mdogo alikuwa ameshaifunga ngoma yake begani, kichwa chini, kwa kuwa alijua yeye ndiye aliyecheza na koti. Baba akamwambia aifungue.

"Nipige nini, na tumeshindwa?"

"Nimesema piga."

Tukarudi kwa barabara kubwa, isukuti ikilia kuliko ilivyolia asubuhi. Baba alitangulia, koti lake begani, mkebe wa chuma ameushika mkononi wazi wazi, akiuinua kila tulipopita penye watu. Alicheza. Sikuwahi kumwona baba akicheza namna ile, hata siku ambazo fahali alishinda. Watoto walitufuata, na mimi nilitembea nyuma yake nikiwa nimejaa fahari mpaka kifua kinaniuma, nikitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Mama alizisikia ngoma akiwa nyumbani. Alijua maana yake, au alidhani anajua, akatoka mbio mpaka langoni akipiga vigelegele. Akatazama nyuma yetu, akatazama tena.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Ilikimbia," baba akasema, akihema. Akanivuta mkono mpaka nikasimama mbele yake, mbele ya waimbaji, majirani na watoto wote waliotufuata. "Huyu hakukimbia."

Mama akauona mkebe. Akauona mkono wa sweta yangu ambao bado ulikuwa umekunjwa. Akawatazama wale watu mmoja mmoja, wote aliowafungia mlango miaka yote ile. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mbali barabarani aliisikia:

"Amedungwa saa ngapi? Amekula?"